Mtani Aliyekula Vidonge vya Mguu

Migongo niliyoiona mimi ni mingi kuliko nyuso. Mtu akinisimamisha sokoni hapa Nachingwea akaniambia, "Mzee, hunikumbuki? Ulinishika siku ya sindano," huwa namwambia ageuke kwanza. Wengine hugeuka kweli, watu wazima wenye wajukuu, na wachuuzi wa nyanya wakatuangalia tusijue pa kuficha macho. Mke wangu ameshanikataza mchezo huo. Nauendeleza akiwa hayupo.

Nyie wajukuu zangu mnaosomea kazi ya usingizi, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie tulivyokuwa tunafanya zamani kwa mgonjwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, halafu ikabidi apigwe ganzi ya mgongo. Ninyi mnazo sheria zenu, nimeziona zimebandikwa ukutani: dawa hii iachwe muda huu kabla ya sindano, ile iachwe muda ule. Nzuri sana. Sisi kuta zetu zilikuwa za mabati, ukibandika kitu asubuhi adhuhuri kimejikunja na kuanguka. Sheria tulikuwa nayo moja tu, na hatukuipata kwenye kitabu. Tuliipata kwa wazee wawili wasio na adabu hata kidogo, mmoja wa Chinongwe na mwenzake wa Chunyu. Nitawafikisha kwao, ila msinikimbize, mimi nimestaafu.

Ilikuwa enzi za karanga. Mnajua habari zake, au mnajifanya mnajua. Wazungu walikuja na matrekta, wakang'oa msitu kwa minyororo, wakapanda karanga, karanga zikafanya zinavyotaka zenyewe, wakafunga mizigo. Katikati ya kuja na kufunga mizigo walikuwa wameweka hospitali, kwa sababu mti ukivutwa na mnyororo hauangalii nani amesimama upande gani. Mimi niliajiriwa kufagia. Nilihamishiwa chumba cha upasuaji kwa sababu ya kifua changu, ambacho wakati huo kilikuwa kipana na kigumu, msikitazame sasa. Walihitaji mtu wa kumkumbatia mgonjwa asiruke.

Maana ganzi ya mgongo ni kukumbatiana. Mgonjwa anakaa kwenye ukingo wa meza, anakumbatia mto, mimi namkumbatia yeye na mto wake, namwinamisha mpaka kidevu kiguse kifua, mgongo utoke nje kama wa paka aliyeona mbwa. Hapo mifupa inaachana kidogo. Daktari anatafuta mlango kati ya mfupa na mfupa, anaingia polepole, na akifika panapotakiwa linatoka tone la maji meupe safi. Likitoka tone jekundu, mnakunja nyuso wote wawili. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza. Niliwauliza wagonjwa habari za mashamba yao, za nguruwe wanaokula mihogo yao, za wakwe zao. Anayemsema mkwe wake huwa hasikii sindano.

Na wakishakufa ganzi ndipo vituko vinapoanza. Kuna msimamizi mmoja wa Kizungu, mwenye sauti ya kutisha kambi nzima, tulimpiga ganzi kwa ajili ya bawasiri. Alipoinua kichwa akaona miguu miwili imewekwa juu, akauliza kwa ukali ni ya nani na kwa nini iko karibu naye. Kuna mama mmoja wa Chiola yeye aliomba tusimrudishie miguu haraka, kwa sababu tangu aolewe hakuwahi kupumzika namna ile.

Aliyenifundisha kazi ni Gaspari, dresa mkuu, yaani mkuu wa wafunga vidonda, Mmakua aliyepitia misheni kisha jeshini, akatoka huko na sala zote na matusi yote. Fahari yake kubwa ilikuwa wembe. Kabla ya upasuaji mgonjwa lazima anyolewe mahali panapopasuliwa, na Gaspari hakumruhusu mtu mwingine kushika wembe huo. Alijisifu kwamba anaweza kumnyoa mbu akiwa angani na mbu akamshukuru. Ukitaka kumkasirisha, mwambie amemkata mtu.

Daktari wetu tulimpa jina la Bwana Subiri. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi, hakina ngeli wala huruma, lakini neno hilo moja alilijua vizuri. Vijana wenzake walikuwa na haraka ya kupasua, yeye akiosha mikono anasema subiri, akishika sindano anasema subiri, wakati mwingine ukimsalimia asubuhi anasema subiri kwanza, ndipo aitike. Tulimcheka sana. Huyo ndiye aliyetuletea dawa ya kuzuia damu kuganda, na ndiye aliyetueleza ilikotoka. Alisema huko ng'ambo ng'ombe walikula majani yaliyooza, wakawa wakikwaruzwa kidogo damu haikomi, wanakwisha. Wataalamu wakayachunguza majani yale, wakayatengenezea vidonge vya watu. Ndugu yake wa karibu, akasema, ni sumu ya panya. Gaspari akauliza, "Kwa hiyo bwana, mgonjwa tunamtibu kama ng'ombe au kama panya?" Daktari akasema subiri.

Mgonjwa wetu wa kwanza wa vidonge hivyo alikuwa Saidi Nangumbi wa Chinongwe. Gogo lilimwangukia mguu kwenye kazi ya kung'oa msitu, akalala kitandani muda mrefu, na mguu ukavimba kwa donge la damu lililoziba mshipa ndani. Donge lile likitembea, Daktari alituambia, linakwenda kifuani, na mtu anaweza kufa hata hajamaliza kutia sukari kwenye chai. Vidonge vilikuwa vya kuzuia madonge mengine yasijijenge. Na kwa kuwa kuzidisha kidogo tu ni hatari ya upande wa pili, ilibidi apimwe damu mara kwa mara. Kupima kwetu kulikuwa kwa kienyeji, mtacheka: unamtoa damu, unaitia kwenye kichupa, unakishika kiganjani kipate joto, unakiinamisha, unakiinamisha tena, mpaka damu isitiririke tena. Mimi nilikuwa nakiinamisha huku naimba moyoni ili nisichoke. Unamtazama na fizi, unamtazama na mkojo.

Mguu wa Nangumbi ulinywea ukawa mguu wa kawaida. Aliporuhusiwa kurudi kwao alipewa vidonge kwenye kopo, na masharti: meza kila siku kama ulivyoelezwa, usiumikwe chuku kutolewa damu, using'oe jino, usipigane, na urudi kupimwa lori la kuja huku likipatikana. Akauliza, "Na mtani wangu akinipiga?" Gaspari akamwambia mkimbie.

Sasa hapa ndipo nyie wa siku hizi mnapopotea, kwa hiyo sikilizeni. Ukoo wa Nangumbi na ukoo wa mtu mmoja wa Chunyu, Hamisi Chitanda, walikuwa watani tangu mababu zao walipopigana na kupatana. Utani wenyewe sio huu wenu wa kutupiana maneno kwenye mpira. Mtani anaingia kwako hajabisha hodi, anachukua jogoo, anaondoka naye, na wewe unacheka. Anakutukana mbele ya mkweo, unacheka. Ukikasirika umeaibisha ukoo mzima. Na siku ukifa yeye ndiye mkuu wa fujo msibani, analala kaburini, anadai chake, anawachekesha watoto wako mpaka wakumbuke kupumua. Kwa sababu hiyo Nangumbi alimwita Chitanda "maiti wangu", na Chitanda alimwita Nangumbi "mzoga". Majina yao halisi hawakutajiana hata siku moja. Ingekuwa kama mimi kumwita mke wangu "bibie fulani binti fulani". Angejua nyumba inaungua.

Siku yenyewe tulimpokea Chitanda asubuhi, amelazwa nyuma ya lori juu ya magunia, anauma meno. Ilikuwa ngiri. Utumbo umetoka mahali pake kwenye kinena, umenaswa, haurudi. Alikuwa amenyanyua gunia la ufuta. Ngiri iliyonaswa haingojei mtu. Utumbo ukikabwa unakufa, na wenyewe ukifa ndani ya tumbo mtu naye anaufuata. Gaspari aligusa mara moja tu akasema, "Chumba kifunguliwe."

Lori lile lile lilikuwa limemleta Nangumbi. Alipita Chunyu akakuta mtani wake anapakiwa, akapanda. Njia nzima alikuwa akimtukana, dereva alituambia kwamba alikaribia kuingia porini kwa kucheka. Aliposhuka alikuwa bado anaendelea.

Daktari akauliza kama kawaida yake, "Wewe nakula dawa yoyote?"

Chitanda akasema, "Mimi sina dawa, bwana. Sijawahi kuugua."

"Muongo huyo!" Nangumbi akapaza sauti nyuma ya mlango. "Amekula dawa zangu zote na kopo akalamba! Mwizi mkubwa! Mwacheni afe hapo hapo nimzike, nimeshausikia uvundo wake toka jana!"

Tukacheka. Mlinzi wa getini alicheka, wagonjwa wa barazani walicheka, mpaka Daktari alipotafsiriwa naye akacheka, akasema mzee huyu ni mzuri kwa wodi. Angesema mtu mwingine yeyote maneno yale tungesimama. Lakini mtani akimwita mtani wake mwizi, anakuwa ametoa salamu tu. Nani angemwamini? Kweli ilipita mbele yetu imevaa nguo za utani, tukaipisha.

Gaspari akamnyoa. Mimi nikaandaa meza, mto, spiriti, sindano iliyochemshwa. Tukamketisha Chitanda, nikamkumbatia, nikaanza maswali yangu ya mashamba. Mgongo ulikuwa mzuri, mifupa yote unaihesabu kwa macho. Daktari akaupaka dawa, akachagua mahali, akashika sindano.

Kwa juu ya bega la Chitanda mimi nikaona pamba imeanguka sakafuni. Ilikuwa imelowa nyekundu. Nikatazama chini: kinenani alipokatwa kidogo na wembe, mkato usiofika hata ukucha, damu ilikuwa inachuruzika polepole inashuka pajani.

Nikasema, kwa utani tu, "Mzee Gaspari, leo umechinja."

Gaspari akaja na pamba nyingine, uso umemvimba kwa hasira. Akabana. Akasubiri. Akaachia, ikachuruzika. Akabana tena kwa nguvu mpaka Chitanda akalalamika. Akaachia. Ikachuruzika vile vile, bila haraka, kama haina habari nasi. Gaspari akaugeuza wembe akautazama, akautazama mkato, kisha nikaona hasira inamtoka usoni.

"Bwana," akasema, "mkono wangu haufanyi hivi. Hii damu ina kitu."

Daktari alikuwa ameshaigusa ngozi ya mgongo kwa ncha ya sindano. Akasema, "Subiri." Safari hii hakucheka mtu.

Niwaeleze kwa nini, ingawa mmesoma. Ndani ya uti wa mgongo ni chumba chembamba, kimejaa mishipa ya fahamu, na hakina dirisha. Mahali pengine mwilini ukichoma ukatoboa kimshipa cha damu, inavimba kidogo, unakanda kwa maji moto. Mle ndani damu isiyokoma haina pa kwenda. Inajaza chumba, inabana mishipa, na mtu anaamka ngiri imepona lakini miguu hairudi tena. Chitanda alikuwa mcheza ngoma. Chunyu nzima hakuna aliyemfikia kwa kukanyaga.

Daktari akamuuliza tena. Akakataa tena. Akamuuliza mara ya tatu kwa sauti ya jeshi, Chitanda akaapa kwa marehemu mama yake. Akamtazama kinywani: fizi zilikuwa na weusi wa damu kavu. Daktari akamwambia Gaspari amlete yule mzee wa barazani aulizwe vizuri.

Gaspari alikwenda akarudi amechoka. Alimkuta Nangumbi katikati ya watu anatumbuiza. Alipomuuliza kama ni kweli mtani wake alikula vidonge, Nangumbi alijibu, "Vidonge? Amekula vidonge, amekula jogoo wangu, amekula kiti, angekuwa na meno mazima angekula na nyumba!" Watu wakaangua kicheko, na kila Gaspari alivyozidi kukaza uso ndivyo walivyozidi kucheka, wakidhani naye ameingia mchezoni. Utamwambiaje mtu aache utani wakati kuacha utani ni kuvunja heshima?

"Mlete humu ndani," Daktari akasema.

Tukamvika Nangumbi gauni la chumba cha upasuaji, tukamfunga kitambaa mdomoni, kwangu mimi hicho ndicho kitu cha kwanza kilichowahi kumnyamazisha. Aliingia anataka kuanza: nilimwona macho yanacheka juu ya kitambaa. Halafu akamwona mtani wake amekaa uchi, ameinama, kinena kimevimba, na damu imeshafika gotini.

Akasimama. Akakivuta kitambaa chini.

"Hamisi," akasema.

Nilimshika Chitanda mabega na nilihisi mwili wake wote umeshtuka. Sindano haijawahi kumshtua mtu vile mikononi mwangu. Akainua kichwa.

"Hamisi bin Chitanda. Mimi Saidi bin Nangumbi nasema nawe. Vidonge vyangu ulitupa au ulikula?"

Chitanda alimtazama, akatafuta usoni mwake kama kuna mzaha umejificha mahali, asiupate. Machozi yakamtoka.

"Nilikula, Saidi."

"Vyote?"

"Vyote. Kwa konzi. Mguu wako ulikuwa umevimba, ukameza, ukanywea. Nami nina uvimbe wangu huku chini siku nyingi, nimeuficha hata kwa mke wangu. Nikasema na wenyewe utanywea."

Jamani. Mnaona akili hiyo? Mimi sijawahi kuicheka, na ninacheka vitu vingi. Mtu ana ngiri, anaona haya kuisema, anacheza ngoma amejifunga kitambaa chini ya shuka. Anamwona mwenzake aliyevimba amepona kwa vidonge. Kuomba hawezi, maana ataulizwa vya nini. Lakini yeye ni mtani, na mtani haombi, anachukua. Akaingia kwa Nangumbi kwa kelele na matusi, akabeba kopo kama alivyokuwa akibeba jogoo, na Nangumbi akacheka kwa sababu ilimlazimu kucheka. Moyoni aliogopa kwa ajili ya mguu wake, lakini kumfuata mtani kumdai dawa, hilo lingemwaibisha. Ndiyo maana alipanda lori. Alikuwa anakuja kuomba nyingine.

Daktari aliweka sindano chini. Kisha akainama, akapandisha gauni la Nangumbi, akaushika mguu. Ulikuwa umeanza kuvimba tena. Kwa hiyo siku hiyo tulikuwa na wazee wawili kwa kopo moja: mmoja damu yake imekataa kuganda, mwingine imeanza kuganda pasipotakiwa. Gaspari akasema ingewezekana tungewachanganya kwenye ndoo moja tukawagawia sawasawa. Daktari alimwambia afunge mdomo, akamwambia pia amchome Nangumbi dawa nyingine ya kuzuia kuganda, ya sindano, na amlaze.

Ganzi ya mgongo tukaiweka kando. Kumpasua Chitanda damu ikiwa vile ni kumwaga maji kwenye mchanga. Kumwacha ni kuacha utumbo ufe. Daktari akamchoma vitamini K, inayoirudishia damu akili yake, lakini hiyo haifanyi kazi papo hapo, inataka masaa. Tukawatafuta ndugu wa kutoa damu mbichi. Tukainua miguu ya kitanda, kichwa kikawa chini, tukampa dawa ya maumivu, tukitumaini utumbo ungerudi wenyewe. Kisha tukafanya kile tulichokuwa tunamcheka Daktari kila siku. Tukasubiri.

Vitanda vya wazee viliwekwa jirani, na Daktari akapiga marufuku. Nangumbi asimchekeshe Chitanda, kwa sababu kucheka kunakaza tumbo, na tumbo likikaza utumbo unabanwa zaidi. Nangumbi akaapa. Akalala kamtazama mwenzake, mdomo ameuziba kwa kiganja.

Haukupita muda Chitanda akaanza kuhangaika. Nikadhani ni maumivu. Akageuza kichwa.

"We mzoga. Mbona hunitukani?"

Nangumbi akakikaza kiganja mdomoni.

"Nitukane basi. Hunitukani kwa sababu nakufa?"

Mimi nilikuwa pale nashika kichupa cha damu, nakiinamisha, nakiinamisha. Nikamtazama Nangumbi, nikaona anavyoteseka yule mzee, maneno yamemjaa mpaka masikioni. Mwishowe akasema taratibu, kama anayemsomea mtoto dua, "Maiti wangu, ukifa leo nitakuzika kichwa chini, ili hata huko uendako uwasili kwa matako. Usicheke. Nimekatazwa."

Chitanda hakucheka. Alifumba macho akatulia, na mkono wake ukatoka kitandani ukakaa hewani, mpaka Nangumbi alipoushika.

Jua lilipokuwa limeshuka sana, damu kwenye kichupa changu ilisimama. Sio haraka, lakini ilisimama. Nilimkimbilia Daktari nikiwa nimekigeuza juu chini, kama mtoto anayeonyesha kikombe amemaliza uji. Mkato wa Gaspari nao ulikuwa umekauka, na Gaspari alikwenda kuuangalia mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Daktari akasema sasa.

Tulimpa etha ya usingizi, tone kwa tone juu ya kitambaa cha pua, kazi yangu hiyo. Utumbo ulipotoka ulikuwa mweusi kama zambarau iliyoiva, Gaspari akaanza sala moja ya misheni. Daktari akaufunika kwa vitambaa vya maji ya chumvi ya vuguvugu. Mnajua alichosema. Tukaungoja, na ukaanza kurudi rangi, kwanza pembeni kisha katikati, ukawa wa waridi. Damu ilitusumbua, ilivuja huku na huku, tulifunga kila kimshipa kwa uzi mpaka mikono ikauma. Lakini ilikuwa ni damu inayosikia.

Alipozinduka alitapika, akauliza kama miguu yake ipo. Nikamwambia aichezeshe. Akachezesha vidole vyote. Nangumbi akasema kutoka kitanda cha pili kwamba ni huzuni kubwa, alikuwa ameshamwahidi mtu viatu vyake.

Ile sheria yetu moja ndiyo hii. Tangu siku ile Daktari hakumuuliza tena mgonjwa "unatumia dawa gani" akaishia hapo. Alitufundisha kuuliza: nyumbani kwenu nani anaumwa, anapewa nini, na wewe umeonja? Tulikuwa tukiuliza wagonjwa, wasindikizaji, hata dereva wa lori. Na aliyeingia akitania, tulimwacha amalize utani wake wote, kisha tukamuuliza upya kwa jina lake na la baba yake. Hamtaamini tuliyoyapata. Mke aliyemeza vya mume ili wapone pamoja. Bibi aliyewagawia wajukuu kila mmoja kidogo, asionekane ana upendeleo. Huku kwetu dawa ni kama chumvi, jirani hanyimwi. Kwa hiyo mkishamaliza kusoma sheria zenu za ukutani, na ninyi ulizeni.

Nangumbi alifariki kabla ya Uhuru. Haukuwa mguu, ulikuwa uzee na homa. Nilikwenda Chinongwe kumzika pamoja na Gaspari, na Chitanda alikuwa ameshafika kabla yetu, amevaa koti la marehemu kinyume, anatukana wafiwa mmoja mmoja. Alifanya yote yanayompasa mtani. Alishuka kaburini akalala humo miguu juu, akasema hatoki mpaka apewe jogoo mwingine, maana wa mwanzo alikuwa amekonda. Watoto wa marehemu walicheka huku wanafuta pua. Akapewa jogoo wake akapanda juu.

Mwili ukashushwa. Mchanga ulipokuwa unataka kutiwa, Chitanda akampa mtu jogoo amshikie, akasogea ukingoni. Watu wote wakajiweka tayari, maana tusi la mwisho la mtani ndilo kubwa.

"Saidi," akasema. "Saidi bin Nangumbi. Mimi Hamisi bin Chitanda nasema nawe."

Tukangoja. Alisimama pale, midomo inataka kitu, miguu yake miwili mizima imekanyaga udongo mbichi. Hakuendelea. Gaspari alinishika mkono, na mimi nililia mbele za watu kama sijawahi kuona maiti.